Bibi, Chura na Alama za Mtajo

Siku mliponiaga pale ofisini, mmoja wenu aliinua soda yake akaniuliza mbele ya watu wote, “Ta Novati, hivi kweli mtu anaweza kuifanya kazi ya mikato na nukta mpaka anastaafu?” Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha ikaletwa keki na swali likaishia hapo. Sasa niko nyumbani, mvua ya Bukoba inanyesha tangu asubuhi, na hakuna anayenisubiri na prufu za kusahihisha. Nimelikumbuka lile swali na naona lilistahili jibu refu kuliko kicheko.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopewa vilikuwa vichache, na faida yake kubwa ilikuwa kuniongezea vikao. Nitawasimulia nilivyoingia kwenye kazi hii, mtu aliyenifundisha, na mswada mmoja kutoka Kishanda ambao ungeweza kutushinda.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huko Kaagya niliposikia kwamba kuna ofisi ndogo Nshambya inayotengeneza vitabu vya hadithi za watoto, na kwamba inatafuta mhariri. Nilikuwa na kaptula mbili za kufundishia na suruali moja ya kanisani. Nilivaa ya kanisani. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga yenye migomba hadi dirishani, na ukiingia ulipokewa kwanza na harufu ya wino, halafu na Ma Aulelia.

Ma Aulelia ndiye aliyekuwa mhariri mkuu. Mwembamba, miwani imening’inia shingoni kwa kamba ya kiatu, sauti ya chini lakini haikuhitaji kurudiwa. Naye alikuwa amefundisha shule za msingi kabla ya kuja pale. Hakuniuliza vyeti. Alinisogezea kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa taipureta.

“Karibu, Novati. Kaa. Soma hiyo, uniambie nani amelala.”

Karatasi ilisema: mama alisema nyakato amelala

“Nyakato,” nilijibu.

“Una hakika?”

“Ndiyo. Mama ndiye anayesema. Anasema Nyakato amelala.”

Alichukua penseli, akainama, akaweka alama zake taratibu kama mtu anayepanda mbegu. Kisha akanirudishia. Sasa iliandikwa: “Mama,” alisema Nyakato, “amelala.”

“Na sasa?”

“Aliyelala ni mama.”

“Na Nyakato?”

“Yuko macho. Ndiye anayesema.”

“Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa,” alisema Ma Aulelia. “Basi kazi yako hapa ni hiyo. Mtoto wa darasa la tatu asimlaze mtu ambaye yuko macho.”

Nilianza kazi siku hiyohiyo, na ile suruali ya kanisani ikapata doa la wino ambalo mke wangu hakulisahau kamwe.

Vifaa vyetu havikuwa vingi: penseli laini, kalamu nyekundu, rula ya mbao ya kushikilia mstari ili jicho lisiruke, na taipureta iliyokuwa na alama ya mtajo ya aina moja tu, iliyosimama wima, haijulikani kama inafungua au inafunga. Ma Aulelia alikuwa akizipindisha kwa kalamu moja baada ya nyingine kwenye kila ukurasa kabla mswada haujaenda kwa mchapaji. Nilimwambia kwamba mchapaji angejua mwenyewe. Alinijibu kwamba mchapaji anajua anacholetewa.

Penseli ndiyo ya kwanza kutumia, kalamu nyekundu baadaye, tena baada ya kusoma kwa sauti. Hilo lilikuwa sharti. Hakuna ukurasa wa mazungumzo uliotoka ofisini kwetu kabla hatujausoma kwa midomo yetu, yeye mtu mmoja, mimi mwingine. Wageni waliopita barabarani walidhani tunagombana. Siku moja jirani alikuja mbio kutuamua, akakuta Ma Aulelia ni fisi na mimi ni mke wa fisi. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho.

Nilichomstaajabia zaidi mama yule ni alivyowafundisha watoto. Tulikuwa tukialikwa mashuleni kusaidia uandishi wa hadithi, Bukoba vijijini na Muleba, na kila mahali tulikuta tatizo lilelile. Watoto wetu nyumbani wanaongea Kihaya, Kiswahili wanakipata darasani. Wakiwa uwanjani wanabishana kwa maneno matamu ya kuchekesha. Wakishika kalamu wanakuwa kama karani wa mahakama: “Alimwambia kwamba aondoke, naye alijibu kwamba hataki.” Au wanachanganya vyote viwili: Akasema kwamba, “Mimi nakuja.” Mwalimu wa darasa anaweka mkasi mwekundu wa kosa, mtoto anaogopa, na safari ijayo haweki mtu yeyote anayesema kwenye hadithi yake. Wanyama wote wanakuwa bubu.

Ma Aulelia hakuanza na kanuni. Aliwaita watoto mbele. Wawili warefu walikuwa alama za mtajo: mmoja alinyoosha mikono kufungua, mwingine kufunga. Kati yao alisimama anayesema. Nje alisimama mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kutamka “alisema Baba” tu, basi.

“Hii ni nyumba,” aliwaambia. “Anayesema yuko wapi?”

“Ndani!”

“Na huyu msimulizi?”

“Nje!”

“Anaweza kuingia?”

“Hapana!”

Kisha alimwita mtoto mdogo kuliko wote darasani, akamchuchumalisha karibu na mlango, kwa upande wa ndani. “Huyu ni mkato. Analala ndani, kabla mlango haujafungwa. Mkimwacha nje, atanyeshewa.” Kule kwetu mtoto haambiwi mara mbili maana ya kunyeshewa. Na lile neno “kwamba” lilipochomoza, alisema, “Ukishaandika kwamba, umeshampokonya mtu maneno yake, unayasema wewe. Nyumba haijengwi tena.”

Niliona shule moja ya Muleba watoto wakitoka mapumziko wakiendelea na mchezo ule wenyewe, hakuna mwalimu, mmoja analia kwa sababu amekuwa nukta kila mara naye anataka kuwa alama ya kuuliza. Nimesoma vitabu kadhaa vya namna ya kufundisha lugha. Hakuna kilichowahi kumfanya mtoto alilie alama ya kuuliza.

Mengine aliyonifundisha nawaandikia kwa kifupi, maana mnayajua, ila mnayasahau mkiwa na haraka. Akianza kusema mtu mwingine, anza mstari mpya, hata kama amesema “Hapana” tu. Swali likiisha kwa alama ya kuuliza ndani ya nyumba, “aliuliza” inayofuata inaanza kwa herufi ndogo. Na msiogope neno “alisema”. Kijana mmoja alituletea hadithi ambayo ndani yake watu walinguruma, walifoka, walibwata na kubweka, na ukurasa mzima walikuwa wanaombana chumvi.

Kompyuta zilipokuja tulifurahi, kisha tukanuna. Zilichora mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, kana kwamba taifa zima limekosea. Zilipindisha alama za mtajo zenyewe, mara nyingi vizuri, lakini ukianza na kistari zinageuka nyuma, nyumba inafunguliwa kwa mlango wa kufungia. Ma Aulelia alijifunza kuzitumia akiwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na akawa mwepesi kuliko mimi. Alipoondoka kurudi Kaagya kwenye kibanja chake cha kahawa na migomba, aliniachia meza na ile rula ya mbao. Hakutoa hotuba. Alisema, “Soma kwa sauti, Novati,” akapanda gari la mwanawe.

Sasa nije kwa Mwalimu Respikius.

Wengi wenu mlikuwa bado hamjaajiriwa. Asubuhi moja mwanamke alifika ofisini amebeba bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, maana mvua ilikuwa inanyesha. Aliitwa Koleta, fundi cherehani wa Muleba mjini. Bahasha ilikuwa na hadithi ya baba yake, mwalimu mstaafu wa Kishanda, ambaye kwa miaka mingi aliwasimulia wanafunzi hadithi kila Ijumaa kipindi cha mwisho. Jina lake nilikuwa nimelisikia. Watu wazima wa Muleba wakimtaja huanza kuiga sauti zake, halafu wanacheka, halafu wanasema, “Huwezi kumwiga yule.”

“Waitu, naomba isomwe upesi,” alisema Koleta kwa heshima ya Kihaya.

Nilimweleza kwamba miswada ipo mingi, kila mmoja unasubiri zamu.

“Baba ana uvimbe kwenye koo,” alisema. “Amepangiwa upasuaji Mwanza. Madaktari wametuambia atapona, tumshukuru Mungu, lakini watatoa sehemu yote inayotoa sauti. Hataongea tena. Kama mna la kumuuliza, mumuulize sasa.”

Niliifungua bahasha mbele yake. Mwandiko ulikuwa mzuri wa mwalimu wa zamani, umelala kidogo upande wa kulia. Ila hapakuwa na alama moja ya mtajo, wala mstari mpya mtu alipobadilika. Maneno yalitiririka kama mto. Baadaye nilielewa: alikuwa hajawahi kuiandika hadithi ile kwa ajili ya mtu mwingine kuisoma. Maneno ya kila mhusika aliyajua kwa sauti yake. Alama za nini?

Hadithi yenyewe ilihusu bibi aliyekwenda kuchota maji kwenye mtungi wake akamkuta chura ndani. Bibi anamwambia atoke, chura anasema yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Wanabishana kurasa nzima. Mwishowe bibi anaapa kwamba hatakwenda tena kisimani mpaka chura ahame. Maji yanapungua siku hadi siku. Wote wawili ni wakaidi. Halafu unakuja mstari ambao hadithi nzima imeuegemea, ulioandikwa hivi: bibi alisema chura mimi nina kiu

Ofisini tulikaa juu ya mstari huo mpaka chai ikapoa. Nani amekubali kushindwa? Karibu wote tuliona ni bibi: Bibi alisema, “Chura, mimi nina kiu.” Chura yuko majini, kiu atoe wapi? Lakini ingeweza kuwa kinyume chake kabisa. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, mtu mwema ambaye hakupenda vitu vinavyochelewa, alitoa ufumbuzi.

“Badilisheni yote kuwa usemi wa taarifa. Bibi alimwambia chura atoke, chura alikataa. Mambo yamekwisha.”

Nilijaribu ukurasa mmoja, kwa uaminifu kabisa. Ulikuwa sahihi, hauna kosa, na hakuna mtoto ambaye angeufungua mara ya pili. Niliomba ruhusa nikaenda Kishanda.

Nilimkuta Mwalimu Respikius amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, kahawa imeanikwa uani, kuku wanafukuzwa kwa mwanzi mrefu ambao aliutumia bila kuinuka. Mtu mrefu, amekonda, kofia ya pama. Sauti yake ilikuwa imeshakwaruza kama mlango wenye kutu, na alipoongea alishika koo kwa vidole viwili. Koleta alikuwa amekuja kukaa naye.

“Wewe ndiye wa mikato?” aliniuliza.

“Ndiye mimi, Mwalimu.”

“Nilidhani wangeleta mtu mkali zaidi.”

Nilimweleza nilichokuja kufanya. Nilikuwa nimeipiga chapa hadithi yake kwa nafasi pana kati ya mistari, bila alama yoyote. Yeye asome kama alivyowasomea wanafunzi, mimi nifuate kwa penseli. Koleta alirekodi kwa simu, na sauti ile familia inayo mpaka leo. Lakini Mwalimu mwenyewe alisema wazi kwamba simu itakaa na wanawe, na kitabu kitakwenda kwa watoto asiowajua. Hao ndio aliotaka wasikie.

Akaanza kusoma, na nikaelewa kwa nini watu wa Muleba hucheka kabla hawajamaliza kumwiga. Bibi wake aliongea kwa pumzi moja, bila kituo, maneno yanakimbizana. Chura alikuwa mpole mno, kila baada ya maneno mawili anapumzika, kama mzee wa baraza anayetafuna akamwani, zile buni zetu. Nilikuwa na maneno yaleyale mbele yangu tangu Nshambya na sikuwa nimewahi kuwasikia hao watu. Bibi nikamnyima mikato. Chura nikampa yote niliyokuwa nayo. Ikawa hivi:

“Toka humo sasa hivi kabla sijakumwaga wewe na maji yako na ukoo wako wote!”

“Bibi, pole pole, tafadhali. Ukinimwaga, utakunywa nini?”

Tulipofika kwenye ule mstari wetu, niliweka penseli tayari. Mwalimu alishika koo kwa vidole viwili. Kisha akalitamka lile neno la kwanza peke yake, polepole, kwa sauti ya chura.

“Bibi,” akasimama kidogo, “mimi nina kiu.”

Niliweka penseli chini. “Kumbe ni chura!”

“Wewe ulidhani nani?”

“Ofisi nzima tulidhani bibi.”

Alicheka mpaka akakohoa, na Koleta akaja na maji. “Mhariri,” alisema alipopata pumzi, “umewahi kuona bibi wa Kihaya anamwomba chura maji? Chura ndiye aliyejidai maji ni yake. Bibi hakwenda kisimani, mtungi umekauka, sasa chura yuko chini kwenye tope anamtazama bibi aliye juu. Hapo ndipo anajua maji huwa yanaletwa na nani.”

Basi nikaandika: “Bibi,” alisema chura, “mimi nina kiu.” Niliandika kwa nguvu hata penseli ikatoboa karatasi.

Hatukukubaliana kwa kila kitu. Kwenye ule ubishi mrefu yeye hakutaka “alisema” hata moja. Mimi nilihofia mtoto atapotea njiani, asijue zamu ni ya nani. Tulivutana mpaka nikampigia simu Ma Aulelia kule Kaagya.

“Wanaobishana ni wangapi?” aliniuliza.

“Wawili.”

“Kila mmoja ana mstari wake?”

“Anao.”

“Na mmoja haongei kama mwenzake?”

“Hata kidogo.”

“Basi mtoto hatapotea. Wapishe wabishane. Ila wakienda sana, mtajie mtoto jina mara moja, apate pa kukanyaga, halafu uwaachie tena.”

Mwalimu Respikius alinyoosha mkono aongee naye. Walikuwa hawafahamiani. “Waitu Ma,” alimwambia, “nimeambiwa wewe ndiye uliyemfundisha huyu. Nimetaka usikie sauti yangu ingali ipo.” Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona akiitikia kwa kichwa taratibu, akisema, “Ndiyo. Ndiyo, Ma. Asante,” kisha akanirudishia simu na kuwafukuza kuku kwa mwanzi.

Kesho yake sauti ilikuwa imeshuka zaidi. Koleta alimsihi aahirishe. “Baba, pumzika, mtamalizia ukirudi.”

“Nitapumzika sana baadaye,” alimjibu. “Lete hiyo karatasi.”

Ukurasa ulikuwa wa mwisho. Bibi amejitwika mtungi kichwani na chura ndani yake, wamekwenda kisimani, na chura anachungulia nje anaona maji yametanda mbele yake. Mwalimu alisoma kwa kunong’ona, nami nililazimika kuinama karibu na mdomo wake. “Bibi maji yote haya ni ya nani.” Penseli yangu ilisita. Nikamuuliza, maana ilinipasa kuuliza.

“Mwalimu, hapo chura ananong’ona, au ni koo?”

“Koo,” alijibu. Alivuta pumzi. “Chura anapiga kelele. Kisima kizima kinasikia. Mimi ndiye siwezi.” Akanyoosha kidole juu ya karatasi, baada ya neno la kwanza. “Weka ile alama ya mshangao hapa. Ipige kelele yenyewe.”

Nikaiweka: “Bibi! Maji yote haya ni ya nani?”

“Ya wenye kiu,” alijibu bibi.

Koleta aliingia ndani. Sisi wawili tuliwaacha kuku wakala kahawa walivyotaka.

Alipasuliwa, akapona, akarudi Kishanda akipumua kwa tundu dogo shingoni alilolifunika kwa skafu nyepesi aliyoshonewa na binti yake. Nilimpelekea prufu. Alizipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Pale nilipoandika “alisema bibi kwa hasira kubwa” alikata “kwa hasira kubwa”, akanitazama kama mtu anayemwambia mwenzake, je, wewe hukumsikia? Alikuwa sawa. Hasira yote ilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Kabla hatujachapa tulifanya kama Ma Aulelia alivyotuzoesha: tukaipeleka hadithi shuleni, isomwe na watoto. Nilichagua shule ya mbali kidogo na Kishanda, kwa makusudi, watoto ambao hawakuwahi kumsikia Mwalimu wala mtu anayemwiga. Nilimwambia Koleta kwamba baba yake si lazima aje. Kwa kweli niliogopa. Ikiwa mtoto angeisoma vibaya, mzee yule asingeweza hata kusema, “Hapana, siyo hivyo.” Alikuja. Alikaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa juu, kofia ya pama mkononi.

Mwalimu wa darasa la nne alimchagua msichana aitwaye Jeneroza. Hakuwa msomaji bora wa darasa, aliniambia baadaye. Alimchagua kwa sababu hakuwahi kujitolea. Jeneroza alisimama, akainua zile kurasa karibu na uso. Aya ya kwanza aliisoma kama watoto wote wanavyosoma, neno kwa neno, sauti bapa. Kisha akafika kwa bibi. Hakukuta mkato. Akatafuta pa kupumulia, hapakuwepo, akalazimika kukimbia mpaka mwisho wa mstari, na alipofika pumzi imemwishia darasa lilikuwa linacheka. Akashtuka. Akatazama karatasi, akamsoma chura. Mkato. Akapumzika. Mkato mwingine. Akapumzika tena. Wakacheka zaidi, naye akatabasamu, na kuanzia hapo sikumsikia tena Jeneroza.

Niligeuka nyuma. Mwalimu Respikius alikuwa ameweka kofia chini. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya yule mtoto, neno kwa neno, bila sauti. Walipofika kwenye “Bibi,” wote wawili walisimama mahali pamoja, wakakaa kimya kwa kipimo kilekile, ndipo wakasema pamoja, “mimi nina kiu.” Darasa halikucheka hapo. Mtoto mmoja alisema “Lo!” kwa huruma. Na kisimani, Jeneroza alipoikuta alama ya mshangao, alipaza sauti mpaka darasa la jirani likanyamaza. Mzee alifumba macho.

Nimeona kazi yangu ikisifiwa mara chache, na sikuhitaji zaidi. Kitabu mnacho mezani kwenu, kimerudiwa kuchapwa, na anayetaka kujua mtu anafanyaje kazi ya mikato mpaka anastaafu akifungue akisome kwa sauti.

Baada ya kusoma, mwalimu wa darasa aliwaambia watoto kwamba mtunzi ndiye yule babu aliyekaa nyuma, na kwamba anasikia vizuri ila haongei. Walimpigia makofi. Jeneroza, aliyekuwa bado amesimama, aliinua mkono.

“Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuuliza. Yule chura alibaki kisimani, au alirudi na bibi?”

Hadithi haisemi. Mwalimu Respikius aliinuka, akapita katikati ya madawati, akachukua chaki. Aliandika polepole kwa ule mwandiko wake wa kulala, na mtu ambaye nilipokea kwake mswada mzima usio na alama hata moja sasa alizifungua, akazifunga, akazifungua tena:

“Alirudi,” alisema Mwalimu, “lakini safari hii aliomba ruhusa.”

Darasa zima liliisoma kwa pamoja, kwa sauti, na walipofika kwenye “alisema Mwalimu” waligeuka wote wakamtazama, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni yeye aliyesema.